Pochi ikipotea nchi za watu: namna ya kupata pesa ukiwa huna hata ndururu

Nshawahi kusimama njia ya Naif, Deira, kule Dubai, saa mbili za usiku, mkono mmoja umeshika mfuko wa vipuri vya vespa, mwengine unapapasa mfuko wa nyuma wa suruali, na mfuko mtupu. Unapapasa mfuko mwengine, af unarudi ule ule wa mwanzo, kama vile pochi itakuwa imezaliwa humo wakati unapapasa huko. Dirham 1,400, kadi mbili za benki, kitambulisho cha Mzanzibari na karatasi ya mzigo, vyote vimekwenda na teksi au vimekwenda na mtu, mpaka leo sijui.

Watu wakisikia hichi kisa huuliza pesa zilikuwa ngapi. Mie nakwambia uliza paspoti ilikuwa wapi. Maana pesa utakazotumiwa huzichukui bila ya paspoti, na pesa ulizonazo benki au kwenye simu huzigusi bila ya laini ya nyumbani, kwa sababu ile namba ya uthibitisho inakuja kwa meseji kwenye laini. Hivyo viwili mie nlikuwa navyo, paspoti ilibaki hoteli na simu ilikuwa mfuko wa mbele, ndo maana leo nakaa kuandika haya kwa raha. Ningevipoteza na hivyo ingekuwa hadithi nyengine.

Kwaiyo haya hapa nimeyapanga kwa alokwishapoteza mwanzo, af chini kabisa kuna ya kufanya kabla hujapanda ndege. Na nikisema nchi za watu nakusudia ng'ambo ya bahari, si mtaa wetu wa Ng'ambo ya Michenzani hapa Unguja, huko ukipoteza pochi unarudi nyumbani kwa miguu tu.

1. Zuia kadi kabla hujaanza kutafuta

Najua roho inataka kurudi ulikotoka ukachungulie chini ya viti. Ngoja dakika tano. Kadi nyingi siku hizi unaigusisha tu kwenye mashine inalipa, na kwa kiasi kidogo haiulizi namba ya siri, kwaiyo aloiokota anaweza akanywa chai, akapanda teksi, akanunua na vocha, na wewe bado umeinama chini ya meza ya mkahawa na tochi ya simu.

Ukiwa na programu ya benki ingia humo, nyingi zina pahala pa kuzuia kadi. Kama zipo njia mbili, ya kuizuia kwa muda na ya kuifuta moja kwa moja, mwanzo izuie kwa muda, kwa sababu kadi ilofutwa hairudi hata pochi ikionekana chini ya kitanda, na huko uliko hakuna wa kukukatia nyengine. Ukishakuwa na yakini imeibiwa ndo ifute.

Huna programu, piga simu. Na hapa ndo watu hukwama, namba ya benki imeandikwa nyuma ya kadi na kadi ndo hiyo ishapotea. Itafute kwenye tovuti yenyewe ya benki, ukipiga kutoka nje unaanza na +255 na ile sifuri ya mbele unaitoa. Zile namba za bure za nyumbani mara nyingi hazishiki ukiwa nje. Usiokote namba ya benki kwenye ukurasa wa Facebook usioujua wala kwa mtu alokujibu chini ya komenti yako "njoo inbox nikusaidie", matapeli wamekaa humo wakimsubiri mtu mwenye haraka, na hakuna mwenye haraka kama wewe wakati huo. Benki ya kweli haitokuuliza namba yako ya siri ili ikuzuilie kadi.

Angalia na saa. Dubai na Muscat wako saa moja tu mbele yetu, India saa mbili na nusu, China saa tano. Ukiibiwa saa tatu asubuhi sokoni Guangzhou hapa Unguja ni saa kumi ya alfajiri, simu yako itamuamsha mtu akidhani kuna msiba, na benki bado milango imefungwa.

2. Sasa katafute, na karatasi ya polisi uichukue

Kwa Dubai, teksi ukishuka unapewa risiti, usiitupe, ina namba ya gari. Namba ya kuulizia vitu vilosahauliwa kwenye teksi ni 8009090, na polisi kwa jambo lisilo la dharura ni 901 (999 ni ya dharura, usiipige kwa ajili ya pochi). Mie nlikuwa nshaitupa risiti nje ya duka, nikarudi kuipekua kwenye pipa mbele za watu, sikuiona.

Karatasi ya polisi usiidharau hata kama unaona pochi hairudi. Bima ya safari kama unayo wataitaka, benki ukija kubishana nayo juu ya pesa zilokatwa itakusaidia, na kama paspoti nayo imekwenda ndo kitu cha mwanzo utakachoulizwa ubalozini. Piga picha ile karatasi palepale.

3. Kaa chini ujihesabu

Kaa pahala penye taa na watu, sio barabarani. Jiulize vitu vitatu: paspoti ipo? simu ipo? laini ya nyumbani imo ndani ya simu au umeitoa ukaitia kwenye pochi? Hili la mwisho lina watu wake, anafika airport ananunua laini ya kule, ya nyumbani, ya Yas (zamani Zantel) au Vodacom, anaichomoa anaikunja na karatasi anaitia kwenye pochi. Pochi ikienda imekwenda na benki nzima. Na laini ya Tanzania hukatiwi nyengine ukiwa nje, inataka alama za vidole vyako na wewe mwenyewe uwepo.

Ukiwa na vyote vitatu hali yako si mbaya hata kidogo, ni usumbufu wa siku moja mbili. Una paspoti bila simu, utaomba simu ya mtu na utatumiwa pesa taslimu. Una simu bila paspoti, fuata kubadilishana na jamaa au kadi ya mtandaoni, nimezieleza chini. Huna hata kimoja, nenda kwenye sehemu ya ubalozi.

4. Kutumiwa taslimu, Western Union na wenzake

Hii ndo njia ilonitoa mie, na ndo ilonitesa. Mtu wako wa nyumbani anakwenda benki au kwa wakala mwenye huduma ya Western Union au MoneyGram na kitambulisho chake, anajaza fomu, anasema anamtumia nani, nchi gani, kwa sababu gani, analipa na ada. Anapewa namba ya muamala, ya Western Union ina tarakimu 10, ya MoneyGram 8. Anakutumia wewe hiyo namba, unakwenda na paspoti kwenye duka la kubadilisha pesa, unajaza, unapewa. Pesa zenyewe zinaweza kuwa zishafika ndani ya dakika chache tu, shida si pesa kufika.

Shida ni jina.

Paspoti yangu imeandikwa Khamis. Ndugu yangu pale Darajani kaandika Hamisi, maana ndo anavyoniita tokea tuko skuli. Baba yangu kwenye paspoti ni Abdalla, yeye katia na h ya mwisho. Jina la tatu kaliacha kabisa. Kijana wa kaunta kule Deira kaiangalia paspoti, kaangalia skrini, kaangalia paspoti tena, akanirudishia kwa adabu nzuri tu, akasema sir, not same person. Nikamueleza huyu ni mie, hilo ndo jina langu ila limeandikwa kinyumbani. Hakuna. Watu nyuma yangu kwenye foleni wanaguna. Nikatoka nje nikampigia ndugu yangu arudi kurekebisha, na yeye ashatoka Darajani kaenda Amani kwenye shughuli zake, akaniambia "kaka si ungelisema mapema". Marekebisho yakafanyika jioni, na ile siku nzima nimekula mkate na maji ya bomba.

Sie tuna Khamis na Hamis, Abdalla na Abdallah, Saidi na Said, Mohamed za namna sita, Ali na Ally, na paspoti ina majina matatu wakati mtaani unajulikana kwa moja. Kwaiyo usimwambie mtu jina kwa mdomo. Mtumie picha ya ukurasa wa paspoti na umwambie anakili herufi kwa herufi, hata kama yeye anaona limekosewa. Na kabla hajatoka pale kaunta akutumie picha ya risiti, uisome wewe mwenyewe ndo aondoke. Na wewe huku uhakikishe unajua jina lake kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho chake na kiasi alichotuma, utaulizwa.

Mambo mengine madogo madogo ya njia hii. Amwambie wakala pesa zichukuliwe mkononi, zisije zikapelekwa kwenye akaunti ambayo huna. Ile namba ya muamala asipewe mtu mwengine yeyote, hata alojifanya anakusaidia kutafsiri Kiarabu. Ijumaa kule Ghuba maduka mengi yanafunga wakati wa sala, na huku kwetu Jumapili benki zimelala, kwaiyo ukipoteza pochi Jumamosi jioni jua utasubiri mpaka Jumatatu, labda mtu wako apate wakala anaefungua. India kwa njia hii mwisho ni dola 2,500 kwa muamala mmoja, usipange kulipia hospitali kwa hizi.

Nikitaja hospitali, waliopeleka mgonjwa India pesa za matibabu ni bora zitoke benki ya nyumbani moja kwa moja mpaka akaunti ya hospitali, ukiomba hospitali watakupa ankara yenye namba zote. Inachukua siku kadhaa za kazi kufika, kwaiyo si ya chakula cha leo, lakini ikiwa pochi imeibiwa angalau mgonjwa hakai bila dawa kwa sababu ya pochi.

5. Kubadilishana na jamaa

Tuseme kweli, hii ndo njia yetu. Uko Deira, kuna mtu wa Chake ana duka au anafanya kazi pale, anakupa dirham, na ndugu yako hapa anamtumia mama yake yule mtu shilingi kwa simu kule Pemba. Hakuna paspoti, hakuna fomu, dakika kumi. Muscat ndo zaidi, Ruwi na Mutrah Kiswahili unakisikia njiani, mzee wa Kiomani alokua Unguja utamjua kwa lafudhi kabla hajakusalimu.

Usiku ule kabla ya yale mambo ya Khamis na Hamisi alonisaidia ni wakala wa kago. Ukinunua mzigo Dubai kuna mtu anaekukusanyia na kukupakilia mpaka bandari ya Malindi hapa Unguja, anakujua, mzigo wako uko mikononi mwake, kwaiyo hana wasiwasi na wewe. Nikampigia nikamwambia nimekwama. Akanipa dirham 300 na akaziandika kwenye bili ya kago, nikalipa nilipokuja kuchukua mzigo. Mtu akienda China au Dubai kununua vitu simu yake ya mwanzo iwe kwa huyu.

Masharti yake ni haya. Mtu umjue au ajulikane na mtu unaemjua. Kiasi kiwe cha kula na kulala na kufika airport, kisiwe cha kununulia mzigo. Mkubaliane bei ya kubadilisha kabla pesa hazijatoka mkononi mwa yeyote. Dirham imefungwa na dola, dola moja ni dirham 3.67, riyali ya Saudia ni 3.75, ya Oman yenyewe moja ni dola 2.6, kwaiyo unaweza kuhesabu mwenyewe kwa bei ya dola ya siku ile huku nyumbani, hakuna haja ya kuambiwa tu. Na usichanganye hii na kutuma mamilioni kwa watu wa hawala wasio na leseni, kufanya biashara ya kuhamisha pesa bila leseni ni kosa huku na huko, pesa zikizuiliwa huna wa kumshtaki.

6. Simu kwa simu, na kadi isiyoshikika

Ukiwa Mombasa au Nairobi una bahati. M-Pesa ya Vodacom Tanzania na ya Safaricom zinatumiana tokea 2015, mtu wako anatuma kutoka kwenye simu yake inaingia kwenye namba ya Kenya, unatoa kwa wakala. Kama huna laini ya Kenya itaingia kwa namba ya jamaa unaemuamini.

Kwengine huko pesa ya simu yetu huitoi dukani, lakini unaweza ukaitumia kwa njia ya kadi ya mtandaoni. M-Pesa kwa mfano ina kadi ya Visa isiyoshikika, unaiunda ndani ya huduma yenyewe, unapewa namba za kadi unalipia mtandaoni, hoteli, tiketi, teksi za programu. Uzuri wake ni kuwa ndugu yako anakutumia kawaida kama yuko Mwanakwerekwe na wewe uko Mwanakwerekwe, af wewe unalipa huko. Iunde nyumbani uijaribu kabla ya safari, usingoje mpaka umekwama.

China hii ndo muhimu kuliko zote. Kule noti watu wamezisahau, kila kitu ni Alipay na WeChat Pay, programu za kulipia kwa simu, mpaka muuza viazi anakuonesha kikaratasi cha kuskani. Tokea 2023 mgeni anaweza kuunganisha kadi yake ya Visa au Mastercard humo, unajisajili kwa paspoti. Alipay kikomo ni dola 5,000 kwa malipo mamoja na 50,000 kwa mwaka, chini ya yuan 200 hukatwi kitu, juu ya hapo unakatwa asilimia 3. Ukishaunganisha kadi, hata pochi ikienda simu inaendelea kulipa. Ila kumbuka, ukiifuta ile kadi iloibiwa na Alipay nayo imekufa kama uliunganisha hiyo hiyo. Unganisha ile ya pili, inayolala chumbani.

7. Msaada wa Visa na Mastercard

Wengi hawajui kuwa Visa na Mastercard wenyewe wana huduma ya dharura kwa msafiri, unapiga namba yao ya nchi uliyopo na wanaweza kukupangia pesa taslimu ya dharura au kadi ya muda. Lakini hawakupi mpaka benki yako ya nyumbani ikubali, na benki ya nyumbani inafunguliwa kwa saa za nyumbani. Na sio kila kadi ina hiyo huduma. Ulizia kwa benki yako kabla, na namba yao uiandike. Mie nliitegemea kama ya mwisho.

8. Ubalozi, na nini usitegemee

Ubalozi sio benki. Usiende pale ukitegemea kupewa nauli na pesa ya biriani. Wanachofanya ni kukuandikia hati ya dharura ya safari ikiwa paspoti imepotea, na kukusaidia kuwapata watu wako. Ile hati ni ya kukurudisha nyumbani, usifikirie utaendelea nayo kwenda nchi ya tatu. Tanzania ina ubalozi mdogo Dubai na ubalozi wenyewe uko Abu Dhabi, upo Muscat, upo Riyadh, New Delhi, Beijing, Nairobi, Moroni. Nenda na karatasi ya polisi, picha za paspoti na nakala ya paspoti ilopotea kama unayo, hata kama ni picha kwenye simu ya mkeo. Kitambulisho cha Mzanzibari kule nje hakikuchukulii pesa pahala popote lakini hapa kinasaidia kuonesha wewe ni nani.

Kwa wanaokwenda Umra, mwambie kiongozi wa msafara mapema, usione haya. Mara nyingi paspoti ziko kwa wenye kundi au hoteli kwaiyo hilo limesalimika, na kwenye ihramu huna mfuko, ule mkanda wa kiunoni ndo benki yako, usiuvue kwenye choo ukautundika msumarini. Nawajua wawili walouacha hapo.

9. Watu wa nyumbani watakuaminije?

Hili sikulitegemea. Nliandika kwenye grupu la familia "nimeibiwa Dubai nahitaji pesa haraka", na kwa robo saa hakuna alojibu. Baadae ndo naambiwa walikuwa wanashauriana pembeni, maana mwezi ule ule akaunti ya WhatsApp ya binamu yetu ilidukuliwa na ikawa inaomba pesa kwa maneno hayo hayo. Dada yangu akaniandikia: "Kama ni wewe, nani alianguka kisimani Wete?" Nikamjibu hakuna mtu, alianguka mbuzi wa ami na tukamtoa kwa kamba ya dau. Pesa zikaanza kuchangwa.

Na usitegemee kumpigia mtu WhatsApp akuone uso, UAE (nchi yenyewe ya Dubai na Abu Dhabi) simu za WhatsApp za sauti na video zimefungwa, watu wa kule wanatumia programu ya BOTIM. Meseji na ujumbe wa sauti zinapita, kwaiyo mtumie sauti yako. China WhatsApp yenyewe haifunguki kwenye mtandao wa kule, ila ukiwa na laini ya nyumbani kwenye romingi, yaani laini ya huku inayofanya kazi nje, mara nyingi inapita. Ghali lakini inapita.

Kwa upande wa pili, wewe ulo nyumbani ukiletewa meseji ya namna hiyo, uliza la mbuzi kwanza.

10. Kabla hujapanda ndege

Gawa. Bibi zetu walikuwa wanafunga za sokoni kwenye pindo la kanga na nyengine zinabaki chini ya godoro, hakuna alowafundisha. Pochini eka pesa ya siku moja na kadi moja. Kadi ya pili, ya benki nyengine kama unaweza, moja Visa moja Mastercard, ikae na paspoti kwenye sefu ya chumba. Fungu la tatu ni noti mbili za dola mia zilokaa pahala pa ajabu ambapo mwizi haangalii na wewe hupasahau. Hapo pa pili ndo pagumu.

Iambie benki unasafiri na uulize kadi yako imefunguliwa kutumika nje na mtandaoni, maana kuna watu kadi haijapotea wala nini, imezuiliwa tu na benki yenyewe ikidhani ni mwizi.

Laini ya nyumbani ifungulie romingi hapa hapa, tia na salio kidogo, na isitoke ndani ya simu. Kama simu ina nafasi mbili, ya kule inakaa nafasi ya pili, au nunua eSIM (laini ya ndani ya simu, isiyo na kadi ya kutia) kwa intaneti. Meseji kuingia kwa kawaida hulipii, na ndo unayoihitaji.

Andika kwenye karatasi, sio kwenye simu tu: namba ya benki yenye +255, namba ya mtu mmoja wa nyumbani unaeijua, ubalozi, na wakala wa kago. Jaribu sasa hivi bila kuangalia simu, namba ngapi unazijua kwa kichwa? Mie nlikuwa naijua moja, ya nyumba ya mzee, ya mezani, ishakatwa zamani.

Picha ya paspoti na ya viza iwe kwa mtu mmoja huku, huyo huyo ndo mtumaji. Na muachie kiasi kidogo kabisa, laki mbili tatu, asije akaanza kukopa usiku wa manane kwa ajili yako. Kama ana muda mfanye mazoezi, akaulize wakala anataka kitambulisho gani na ada ni kiasi gani, ili siku ya siku asishangae kaunta.

Na ile kadi ya pili, mke wangu siku hizi tukisafiri anaitia kwenye kimkoba chake cha dawa na mafuta ya nazi, ambacho hata mie mwenyewe siruhusiwi kutia mkono.